Dozi moja ya chanjo ya HPV: jibu limetoka Mwanza, deni limebaki kwa mama zao

Aprili 2024, wiki ile ya kampeni, Neema alirudi kutoka shule bega linamuuma, kadi ya chanjo mkononi. Mama yake aliigeuza mbele na nyuma akitafuta tarehe ya kurudi, hakuiona. Jioni akanijia nayo. "Dada, mtoto wa dada yangu alichomwa mbili. Huyu wangu kachomwa moja wanasema basi, kamaliza. Wametupunguzia kwa sababu sisi ni maskini?"

Sikumjibu palepale. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na mzazi anayeuliza hivyo anastahili zaidi ya kuambiwa "wataalamu wamesema". Tangu siku ile nimekuwa nikilirudia, na haya ndiyo niliyoyapata kwa pande zote mbili.

Kwanza jambo lenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV, ambacho watu wengi hukipata mara tu baada ya kuanza kujamiiana. Aina zake ni nyingi, lakini mbili, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo duniani. Kwa makadirio ya kimataifa, Tanzania inapata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka, na zaidi ya 6,000 wanafariki. Chanjo inazuia maambukizi mapya tu. Aliyekwisha kuambukizwa haimponyi, na ndiyo sababu inatolewa kwa watoto wa shule.

Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili, kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikahamia dozi moja na kuwafungulia mlango wasichana wote wa miaka 9 hadi 14. Badiliko hilo ndilo lililomshtua Mama Neema.

Wazo la dozi moja lilianza kwa bahati. Nchini Costa Rica kulikuwa na utafiti mkubwa wa dozi tatu kwa wanawake vijana. Wengine hawakumaliza, mmoja kapata ujauzito, mwingine kaitwa kwa uchunguzi zaidi, hivyo wakabaki na sindano moja. Watafiti walipowaangalia miaka 4 baadaye, wale wa dozi moja, ambao walikuwa 196 tu, walionekana kulindwa kama wale waliomaliza. India nako, utafiti uliopangwa kulinganisha dozi mbili na tatu ulisimamishwa na serikali mwaka 2010 ukiwa katikati, kwa sababu zisizouhusu wenyewe, na karibu wasichana 5,000 wakabaki na dozi moja bila mtu kukusudia. Miaka 10 baadaye kinga yao dhidi ya maambukizi sugu ya namba 16 na 18 ilikuwa asilimia 95.4, sawa na ya wenzao wa dozi mbili na tatu.

Habari njema, lakini mtafiti makini hawezi kutulia hapo. Watu wale hawakupangwa kwa kura. Huenda aliyekatisha dozi alikuwa tofauti na aliyemaliza kwa njia ambayo hakuna aliyeipima. Na wote wako mbali na sisi: wana malaria ya namna nyingine au hawana kabisa, minyoo yao si yetu, lishe yao si yetu. Mambo hayo yanaweza kubadilisha jinsi mwili unavyoipokea chanjo. Mtu wa Mwanza alikuwa na haki ya kusema, hilo ni la Costa Rica, la kwetu liko wapi?

La kwetu lilifanyika Mwanza penyewe. Utafiti ulioitwa DoRIS, wa kituo cha utafiti cha MITU pamoja na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London, uliwachukua wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 kuanzia mwaka 2017. Waligawanywa kwa kura katika makundi 6 ya wasichana 155: chanjo za aina mbili, na kila aina kwa dozi moja, mbili au tatu. Kisha damu yao ikapimwa kingamwili, zile protini za mwili zinazokizuia kirusi, mwaka baada ya mwaka.

Matokeo ya miaka 2 yalitoka mwaka 2022, na mimi nayaheshimu zaidi kwa sababu hayakupambwa. Kwa HPV 16, zaidi ya asilimia 98 ya wasichana wa dozi moja walikuwa na kingamwili, na kigezo cha kutokuwa dhaifu kuliko dozi mbili au tatu kilifikiwa. Kwa HPV 18, zaidi ya asilimia 98 walikuwa nazo pia, lakini kigezo kile kikali kilichowekwa kabla ya kuanza hakikufikiwa, na watafiti wakaliandika hilo waziwazi. Wingi wa kingamwili kwa dozi moja ni mdogo, wala hakuna anayelificha. Lakini zinashuka mwanzoni kisha zinatulia, na ubora wa kukishika kirusi haukuwa nyuma ya ule wa dozi nyingi. Wasichana wa Mwanza walipolinganishwa na wale wa dozi moja wa Costa Rica na India, ambao tayari ilijulikana wamelindwa, viwango vilikaribiana.

Hoja ya kingamwili inamsumbua mtu yeyote anayefikiri kwa kawaida, maana kichwa kinasema nyingi ni bora kuliko chache. Kwa chanjo hii siyo lazima iwe hivyo. Imetengenezwa kwa ganda tupu la kirusi, protini ileile iliyojipanga kwa ukaribu mamia ya mara, na mpangilio huo unaamsha seli zinazoendelea kutoa kingamwili kwa miaka. Tena kirusi hiki kinaingia polepole, kupitia vidonda vidogo kwenye ngozi laini ya ukeni, na kiasi kidogo cha kingamwili kinatosha kukizuia. Kiwango gani hasa ndicho cha chini kabisa kinachotosha, sayansi haijakitaja, kwa sababu waliochanjwa wanaopata maambukizi ni wachache mno kuweza kupiga hesabu hiyo.

Ndipo Kenya ilipoleta kipande kilichokosekana. Utafiti wa KEN SHE, wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani, haukuishia kwenye damu, ulipima maambukizi yenyewe. Wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, wa Thika, Nairobi na Kisumu, ambao tayari walikuwa wameanza kujamiiana, walipigiwa kura. Baadhi walipewa dozi moja ya HPV ya aina moja, baadhi ya aina ya pili, na wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo, wakiahidiwa ya HPV baadaye. Baada ya miezi 18, katika wale waliokuwa hawana HPV 16 wala 18 mwanzoni, maambukizi sugu mapya ya aina hizo yalikuwa 38. Kati yake 36 yalikuwa kwenye kundi la uti wa mgongo. Kila kundi la chanjo ya HPV lilikuwa na moja.

Nilimwonyesha Mama Neema namba hizo kwenye karatasi: 36, 1, 1. Alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe."

Kwa hiyo naunga mkono dozi moja, na sisemi hivyo kwa kulazimishwa na bajeti. Lakini bajeti nayo ina neno lake. Anayejua shule zetu anajua dozi ya pili ilivyokuwa. Muuguzi anarudi baada ya miezi 6 na daftari lake na kijisanduku cha baridi. Msichana mmoja kahamia kwa bibi yake Sengerema, mwingine mtoro, mwingine kaolewa, na mafuta ya pikipiki ya kuwafuata hakuna. Chanjo yenyewe iliadimika duniani kwa miaka baada ya 2018, nchi nyingi zikasubiri foleni. Sindano ya pili aliyopewa binti mmoja ilikuwa ndiyo sindano ya kwanza aliyokosa binti mwingine. Hesabu hiyo haina ugumu.

Wanaopinga wana hoja tatu ambazo sitaki zipitwe haraka.

Ya kwanza ni muda. Msichana wa miaka 9 aliyechanjwa leo anahitaji ulinzi hadi atakapokuwa mama wa miaka 40. Ushahidi wa dozi moja unafika miaka kumi na kidogo, na KEN SHE umepima maambukizi, haujapima saratani. Ni kweli. Jibu lililopo ni la matumaini lakini halijakamilika. Scotland walipotazama kumbukumbu zao mwaka 2024, hawakukuta hata saratani moja ya mlango wa kizazi kwa wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, wawe walipata dozi moja, mbili au tatu. Waliochanjwa wakubwa zaidi, kuanzia miaka 14, ndio waliohitaji dozi tatu ili faida ionekane wazi. Nikisoma hapo naona umri wa kuchanja una uzito kuliko wanaobishania idadi ya sindano wanavyoupa. Kumsubiri mtoto hadi afike 14, kama tulivyofanya kuanzia 2018 hadi 2024, ndiko kulikokuwa na hatari kubwa zaidi.

Ya pili ni ya Mama Neema: dozi ya maskini. Hii inajibika kwa ukweli. Australia ilihamia dozi moja Februari 2023 na Uingereza Septemba mwaka huohuo, kabla yetu. Hakuna anayesema hao wanabana senti kwa watoto wao. Lakini hapa inabidi niseme yote. Uingereza ikikosea kidogo kuhusu dozi moja, ina wavu chini. Mwanamke anaitwa kwa barua akapimwe, na dalili ya awali ikionekana inatibiwa kabla haijawa saratani. Sisi wavu huo una matundu makubwa. Sera ni ileile, ila anayeanguka kwetu anaanguka chini kabisa.

Ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi. Wasichana wa DoRIS na wa KEN SHE hawakuwa na VVU. Walipimwa kabla ya kuingia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2022 unaoruhusu dozi moja, linasema wazi kwamba wenye VVU wapewe angalau mbili, ikiwezekana tatu. Nao ndio wenye hatari zaidi. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano karibu mara 6 wa kupata saratani hii kuliko asiye nayo. Sasa fikiria darasa la nne, muuguzi mezani, foleni ya wasichana 60. Kati yao yupo aliyezaliwa na maambukizi, anayemeza dawa usiku nyumbani kwa shangazi yake. Muuguzi hamjui, na hapaswi kumjua mbele ya darasa. Anamchoma moja, anamwandikia amemaliza. Mtoto huyo hakutendewa ubaya na mtu yeyote, lakini kadi yake inasema jambo ambalo utafiti haujalisema.

Na dawa yake ipo karibu. Mtoto huyo anahudhuria CTC, kliniki ya matibabu ya VVU, ana kadi, ana tarehe, ana mhudumu anayemjua kwa jina. Sindano ya pili na ya tatu zikae palepale kliniki, zitolewe siku anayofuata dawa, bila kumwita pembeni shuleni. Ninachotaka ni kwamba kila CTC nchini iwe na chanjo hiyo kwenye jokofu lake na iwe kwenye orodha ya maswali anayoulizwa kila msichana. Hilo lisiachwe kwa muuguzi mwenye moyo.

Kuhusu uvumi kwamba chanjo inaleta ugumba sitakaa sana. Ulikuwepo kabla ya dozi moja, na kubadilisha idadi kumeupa kuni mpya: "mlisema mbili, sasa moja, kesho mtasema hakuna." Mtu akielezwa kwa nini imebadilika, kama nilivyoandika zile namba tatu kwenye karatasi, hofu inapungua. Walimu walipewa vipeperushi vya kuwaambia wazazi tarehe ya kampeni. Sababu ya kubadilisha dozi wengi hawakuipata.

Limebaki lile ambalo dozi moja haiwezi kabisa kuligusa. Wanawake watakaokufa kwa saratani hii mwaka huu na miaka 20 ijayo walishapita umri wa chanjo. Lengo la dunia kufikia 2030 ni asilimia 90 ya wasichana wachanjwe, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakifika 35 na tena wakifika 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Namba ya kwanza tunaikimbilia kwa kampeni na magari ya matangazo. Ya pili inatembea peke yake. Kipimo cha siki kinachukua dakika chache: mhudumu anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri, anaangalia kama pana weupe. Doa la awali linaweza kuondolewa siku hiyohiyo kama mashine ipo na gesi ipo. Kila sindano ya pili tuliyoacha kununua, na kila safari ya pili ya shuleni ambayo muuguzi haiendi tena, imeacha kitu mkononi. Fedha hizo na saa hizo ziende kwa akina mama, na Wizara itutajie zimekwenda wapi.

Mama Neema alipokunja kadi ya mwanawe kuiweka kwenye mkoba, nilimuuliza yeye ana miaka mingapi. Thelathini na nane. Amewahi kupimwa? Akacheka kwa aibu. Alikwenda mara moja, miaka miwili iliyopita, akaambiwa siku ya kipimo ni Jumatano, naye Jumatano ndiyo siku ya gulio.