Nani Analisha Hilo Jeshi?

Tamthilia za falme na majoka zina watazamaji wengi huku Moshi na Arusha, kwenye vibanda umiza na kwenye simu. Lawama zake ni zilezile: picha kali, mavazi safi, ila sizoni ya pili haijafika katikati watu wameshahamia kwingine. Wengi husingizia bajeti. Mimi naona tatizo ni hesabu ambayo mwandishi hakuipiga.

Tuseme mfalme ana jeshi la watu 10,000. Askari anayetembea na silaha anahitaji karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Hizo ni tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia mia, kila jua linapochwa. Safari ya siku 10 inataka magunia 1,000. Punda mmoja akibeba kilo 50, unahitaji punda 2,000, na punda nao wanakula njiani. Ukishaona hivyo, visa vinakuja vyenyewe: jeshi litapora vijiji, au litasubiri mavuno, au mfalme atakopa kwa tajiri atakayemgeuka baadaye. Usipoona, askari wanaibuka tu bondeni, wameshiba na viatu vinang'aa.

Umbali ni hivyohivyo. Mtu mwenye mzigo hutembea kilometa 20 hadi 25 kwa siku, kwa hiyo Moshi hadi Arusha, kilometa 80 hivi, ni siku tatu au nne. Tamthilia ya Game of Thrones ilipoanza mwaka 2011, msafara wa mfalme ulichukua mwezi mzima kufika kaskazini, na mtazamaji akajua ufalme ule ni mpana kiasi gani. Kufikia mwaka 2017, mtu anakimbia kuomba msaada, ndege wa barua anaruka hadi kisiwani, na majoka yanafika kuokoa watu kabla baridi haijawaua. Watazamaji walipiga kelele, na walikuwa na haki.

Anayetaka kuandika ufalme wa kubuni akiwa huku kwetu angeanzia kwenye mfongo, yaani mfereji wa Wachagga wa kumwagilia mashamba. Maji yanachepushwa kwenye banio, yaani kizuizi cha mtoni, juu mlimani, yanafuata mgongo wa kilima kwa kilometa kadhaa, yanaingia vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, kwa zamu. Ukoo uliochimba una neno la kwanza. Asiyefika siku ya kuzibua anatozwa faini au ananyimwa maji. Humo tayari una sheria, tabaka, deni na chuki ya muda mrefu, hata kabla hujamtaja mangi, yaani chifu wa Kichagga. Anayeshika banio ana mamlaka kuliko mwenye upanga, na mtazamaji ataelewa bila msimulizi kumsomea historia ya miaka elfu.

Uchawi sina mengi ya kusema: uwe na gharama, na gharama ionekane kabla stelingi hajahitaji kuokolewa.

Sasa wahusika. Makosa yanayonikera zaidi yako hapa. Mama kauawa, nyumba imeungua, mtoto kajificha kwenye ghala. Mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kwenye yaliyopita, dakika nane, muziki wa huzuni. Halafu mtoto huyo akikua anapika jikoni bila hata kushtuka moto ukilipuka! Jaribio ni rahisi. Ondoa kipande hicho chote, kisha soma skripti upya. Kama hakuna uamuzi hata mmoja uliobadilika, kilikuwa pambo.

Linganisha na Mangi Meli wa Moshi. Baba yake, Rindi, aliweka mkataba na Wajerumani mwaka 1885, na mwaka 1891 wapiganaji wa Moshi walikuwa upande wao walipompiga Sina, mangi wa jirani huko Kibosho. Rindi akafariki mwaka huohuo. Mwaka 1892 Meli akawashinda Wajerumani haohao, mwaka uliofuata wakamshinda, na mwaka 1900 wakamnyonga. Mwanzo wake umo ndani ya kila hatua: anapigana na wageni walioingia kwa mlango wa baba yake, na jirani ambaye angemwomba msaada ana kidonda kilichotoka Moshi. Huhitaji mbinu rejeshi. Mjumbe kutoka Kibosho akikataa tu kupokea kata ya mbege, kila kitu kimesemwa.

Na sini kama hiyo haihitaji joka la kompyuta. Inahitaji waigizaji watatu, kata moja, na siku moja ya kushuti.