Wamekuja kupima mapazia yangu

Jumatano nimetoka shifti ya usiku, macho mazito, nataka godoro tu. Sijavua viatu, mlango unagongwa. Kijana wa halmashauri ya hapa London, futi kamba mkononi. Maghorofa yetu yatavunjwa yajengwe mapya, hilo nalijua, wameshatuandikia barua sita. Huyu alikuja kupima madirisha. Mapazia yangu yakionekana mafupi huko nitakakohamia, gharama ya kuyarekebisha ni juu yao. Na zulia hivyohivyo. Na fundi wa kuchomoa mashine ya kufulia na kuiunganisha tena.

Mapazia yenyewe ni ya mtumba.

Nilikasirika, kwa sababu alinimalizia saa nzima ya usingizi. Alipoondoka nikabaki nacheka peke yangu kama mwehu, halafu kicheko kikakata. Nilimkumbuka shangazi.

Ninyi mlioko Dar siwaelezei alama ya X, ile ya nyumba inayosubiri kuvunjwa. Ya shangazi ilikuwa nyekundu, imechorwa ubavuni, pale anapoanika nguo. Wakaja wathamini, wakahesabu vyumba, wakahesabu mpaka mti wa mwembe, wakaondoka. Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa mgonjwa mahututi. Bati likivuja haliguswi, maana ukijenga baada ya tathmini hulipwi. Mpangaji akahama. Miaka ikapita, X ikapauka, kuna mtu akaja kuikoleza rangi! Hela ilipotoka ilikuwa ya bei ya saruji ya zamani, akanunua nayo kiwanja ambako daladala linageuzia.

Na msiniambie hatuna sheria. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni zake za 2001 zimekwenda mbali zaidi: kodi ya pango ya miezi 36, faida ya biashara ya miezi 36, posho ya usumbufu, na usafiri wa mizigo tani 12 ndani ya kilomita 20. Tani kumi na mbili! Aliyeandika hivyo alikuwa na huruma na kabati la mtu. Sheria ya uthamini ya 2016 nayo inasema malipo yakipita miezi sita yaanze kuzaa riba. Kwenye karatasi tunamshinda yule kijana na mapazia yake. Tofauti ninayoiona mimi ni moja, tarehe. Hapa nimeambiwa lini, nikapewa na jina la wa kumpigia simu. Shangazi aliambiwa "subirini mtajulishwa".

Najua kinachokuja. "Mbeba maboksi huyo, kashiba mkate anatusimanga." Mbeba maboksi, ndiyo, na mgongo unauma. Lakini mimi sijasema hapa ni peponi. Kusini mwa London kulikuwa na mtaa unaitwa Heygate, nyumba zaidi ya 1,000, nyingi za kodi nafuu. Ulivunjwa, yakapanda maghorofa ya vioo, na nyumba za kodi nafuu zilizorudi pale hazifiki hata robo ya zile za mwanzo. Watu walitawanywa hata nje ya jiji. Kelele za watu wa aina hiyo ndizo zilizofanya, tangu 2018, miradi mikubwa ya kuvunja mitaa inayotaka fedha za Meya ipigiwe kura kwanza na wakazi. Hawakuzaliwa waungwana, walipigiwa kelele.

Na sisi tukitaka tunaweza, ndiyo inayonitia hasira. Magomeni Kota kaya 644 ziliondolewa 2011, zikahangaika miaka, lakini Machi 2022 maghorofa yalizinduliwa na wale wale waliotolewa wakarudi palepale Magomeni. Siku ile niliwaonyesha picha Wazungu kazini kama vile nimejenga mimi. Halafu nikakumbuka bomoabomoa ya Kimara 2017, nyumba zilizo ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, watu wenye umeme na maji ya bomba wakaitwa wavamizi, hakuna hata senti. Mtasema sheria ni sheria, hifadhi ya barabara ni hifadhi. Sawa. Aliyewavutia umeme hakuiona hiyo hifadhi?

Mwingine atasema walipwe, wahame, yaishe. Hayaishi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na wapo waliouza wakarudi Jangwani. Mkawacheka. Lakini mtu anayeosha magari mjini, ukimpeleka Mabwepande aoshe nini? Shangazi alikuwa na genge, na mtaji wake mkubwa haukuwa nyanya, lilikuwa daftari la mkopo. Watu wanachukua, wanalipa mwisho wa mwezi. Mtaa ulipovunjwa kila mdaiwa alielekea upande wake, mmoja Chanika, mwingine Mbagala, mwingine hajulikani. Mthamini alihesabu mwembe, daftari hakulifungua. Wateja hawapakiwi kwenye lori, hata uwape hizo tani 12. Hapa nilipo nako sina uhakika kama mzee wa ghorofa ya tatu, anayenipokelea vifurushi, atahamishiwa karibu nami. Nilimuuliza kijana, akaandika kwenye fomu.

Jioni nimempigia shangazi, nikamsimulia habari ya mapazia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wamekuja na ndoo ya rangi?"

"Hapana shangazi, futi kamba tu."

"Haya mwanangu. Bati lako likivuja, ziba leo leo."