Daktari na mwalimu: kati ya mishahara yao, kinachobaki mkononi ni kipi?

Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi Tanzania hugeuka ofisi ya udahili. Safari hii zamu ilikuwa yetu. Mpwa wangu amemaliza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kwa daraja la pili. Baba yake anataka akasome udaktari, ila kijana mwenyewe moyo wake uko kwenye ualimu wa sayansi. Mabishano yalipopamba moto, shemeji akanigeukia: "Shemeji, wewe ndiye unayesikilizwa humu. Mwambie, mwalimu na daktari mshahara wao ni mmoja?"

Si mmoja, na ni vizuri vijana waambiwe hivyo bila kuzungushwa. Soma tangazo la Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoajiri watumishi wa umma, ngazi ya mshahara imeandikwa pale pale. Mwalimu mwenye shahada huanzia TGTS D, ngazi za walimu serikalini; daktari huanzia TGHS E, ngazi za watumishi wa afya, na E iko juu ya D. Mhandisi naye ni TGS E, ngazi za watumishi wengine, wakati afisa maendeleo ya jamii yuko TGS D. Herufi hiyo moja mtu huibeba kwenye kila ongezeko na kila kupanda daraja, na mwisho wa safari inaingia kwenye hesabu ya kiinua mgongo na pensheni. Juu yake, daktari ana zamu za jioni katika hospitali binafsi. Kwa hapo shemeji alikuwa sahihi.

Lakini tulichukua karatasi, tukapiga hesabu kwa mfano wa namba za mviringo. Mtu wa kwanza analipwa 1,000,000 kwa mwezi, wa pili 1,300,000. Wote wako serikalini, wote walisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Wa kwanza anakatwa asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yaani 50,000. Kodi inachukua 115,500. Bima ya afya, asilimia 3, ni 30,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 150,000. Anabaki na 654,500. Wa pili, kwa makato hayo hayo, anabaki na 802,500.

Kwenye karatasi ya ajira wamepishana laki tatu. Mfukoni wamepishana 148,000, chini ya nusu, kwa sababu kila shilingi inayozidi milioni moja baada ya kutoa PSSSF hukatwa kodi ya asilimia 30, na Bodi nayo inachukua fungu lake kwenye mshahara mzima kabla ya makato mengine. Tukakaa kimya kidogo. Kweli, deni la Bodi lina mwisho, na likiisha pengo linafika 193,000. Ila deni la miaka mitano ya udaktari haliishi mapema kama la miaka mitatu ya ualimu.

Kuna na miaka yenyewe. Daktari anasoma mitano, anaongeza mmoja wa mafunzo kwa vitendo, ndipo anaanza kusubiri ajira. Mwalimu aliyeingia chuo siku moja naye anaweza kuwa ameshapokea mshahara wa miaka mitatu. Nasema anaweza, maana walimu waliohitimu na kukaa mtaani miaka mingi tunao kila kata, na hili ndilo linalonitia hofu kuhusu chaguo la mpwa wangu. Mshahara wa TGTS D usioanza ni sifuri.

Wanaodhani udaktari ni kinga watazame jirani zetu Kenya. Mwaka 2024 madaktari wa serikali waligoma siku 56, na kiini kimojawapo kilikuwa posho ya madaktari wa mafunzo: makubaliano ya 2017 yaliwapa shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, Serikali ikataka kuwapa 70,000. Hao ni vijana waliofaulu vizuri kuliko karibu wenzao wote.

Ninachoona kinapuuzwa zaidi ni mwajiri. Mhasibu wa halmashauri na mhasibu wa TRA (Mamlaka ya Mapato) au Benki Kuu wanaweza kuwa walikaa dawati moja chuoni, wakafanya mtihani mmoja wa CPA, ule wa taaluma ya uhasibu, na bado maisha yao yakawa mbali kabisa, kwa kuwa taasisi hizo zina miundo yake ya mishahara. Kozi ni ile ile. Vijana wanalijua hili. TRA ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yaliyofika yalikuwa 135,027, kama watu 85 kwa kiti kimoja. Kwa hiyo anayemshauri mtoto asome uhasibu "kwa sababu TRA wanalipa" anamtajia mshahara wa mmoja na kuwasahau wale 84.

Mimi naegemea upande wa shemeji kwa nusu. Pesa ni sababu halali ya kuchagua kozi, hasa kwa mtoto wa kwanza ambaye wadogo zake watatu watamtegemea, kama huyu wetu. Na kwa miaka thelathini hata hiyo 148,000 inajenga nyumba. Ila kwa daraja la pili, ushindani wa nafasi za udaktari ni mkali, na sitaki aingie chuo cha ada kubwa bila uhakika wa mkopo kwa sababu ya herufi moja ya ngazi ya mshahara.

Mpwa wangu aliichukua ile karatasi, akaikunja. "Mjomba, naomba nikamwoneshe mwalimu wangu wa baiolojia." Mwalimu huyo yuko kazini mwaka wa tisa, na amekubali kukaa naye Jumamosi. Atakuja na slipu yake ya mshahara. Shemeji amesema atakwenda naye.