Kozi za mipango ya ugavi: cheti unacho, stoo bado inaishiwa

Wiki iliyopita dogo mmoja tuliyewahi kufanya nae kazi stoo kanitafuta, anasema kaka nimejibana mwaka mzima nimeweka pesa, nataka nisome kozi ya mipango ya ugavi, ile ya kimataifa, nikimaliza nakuwa na cheti kinachotambulika hadi Dubai, unanishaurije? Nikaanza kumjibu kwa meseji, ikawa ndefu, nikaifuta. Maana swali lake sio lake peke yake, kuna vijana wengi wako njia panda hiyo hiyo, na kuna mabosi kila mwaka wanapeleka watu semina na bado vitu vilevile vinaisha stoo mwezi uleule.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Kwetu Tanzania ukisema ugavi wengi wanasikia ununuzi: tenda, mikataba, kutathmini wazabuni, na tangu 2023 mfumo wa NeST, ule wa serikali wa kufanya tenda mtandaoni. Hiyo ni kazi halali na ina bodi yake ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, PSPTB, ambayo iliundwa kwa sheria namba 23 ya 2007, na sheria inataka anayefanya kazi hizo awe amesajiliwa. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka huohuo. Lakini mimi naongelea upande mwingine ambao hausikiki sana, kujua mwezi ujao kitahitajika kiasi gani, uagize lini, uweke akiba kiasi gani, mashine ipi ianze na ipi isubiri, na ukishajua hayo uangalie muda na mali vinapotea wapi humo ndani. Hii ndo kozi za APICS, chama cha wataalamu wa ugavi cha Marekani (ilianza 1957, siku hizi inaitwa ASCM) zinafundisha, na ndo Wajapani wa Toyota waliifanyia kazi miaka na miaka.

Upande unaosema soma nautetea kwa moyo wote kwa sababu moja kubwa, na nitakaa hapo kidogo.

Kuna zoezi linaitwa mchezo wa bia, lilianzia chuo cha MIT Marekani kwa profesa Jay Forrester miaka ya 1960 na kozi nyingi bado wanalitumia. Mnakaa wanne mezani, mmoja duka la rejareja, wa pili jumla, wa tatu msambazaji, wa nne kiwanda. Hamruhusiwi kuongea, kila mtu anaiona oda ya mwenzake wa mbele tu, na mzigo ukiagizwa unachukua wiki kadhaa kufika. Wateja wananunua kreti 4 kwa wiki, ikifika wiki ya tano wanaanza kununua 8, na zinabaki 8 mpaka mwisho wa mchezo, hakuna kingine kinachobadilika. Sasa nenda kaangalie kule kiwandani, oda zinapanda 20, 30, 40, halafu ghafla sifuri, kila mtu kajaza bia ambayo hamna wa kuinunua. Nilipocheza nlikuwa msambazaji na nilikasirika kweli, nikawa nahisi jamaa wa jumla ananifanyia makusudi, kumbe nae alikuwa anahisi hivohivo kuhusu wa rejareja, na wote wawili tulikuwa tunafanya kitu chenye akili kabisa kwa taarifa tulizokuwa nazo.

Wanaiita athari ya mjeledi, mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Procter & Gamble, kampuni inayotengeneza nepi za Pampers, waliiona huko, watoto wanatumia nepi kwa kasi ileile wiki baada ya wiki lakini oda zilizokuwa zinafika kiwandani zilikuwa zinapanda na kushuka kama mawimbi. Na ukishaielewa huwezi tena kuitazama Kariakoo kwa jicho lilelile. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, uhaba ulikuwa wa kweli, mvua zilivuruga viwanda, lakini mtaani kwetu jirani ambaye siku zote ananunua robo kilo alibeba kilo 5, Mangi wa duka nae akaagiza mara tatu ya kawaida yake, na wa jumla akiona Mangi wote wameagiza mara tatu ataelewa nini? Bila kufundishwa utamlaumu mtu. Ukifundishwa unaanza kuuliza taarifa inapita wapi na inachelewa wapi. Hilo kwangu ni badiliko la akili, na sijaona mtu akilipata kwa kukaa stoo miaka 10 tu, nimeona wazee wa stoo wazuri sana, waaminifu, wanaijua kila katoni ilipo, lakini wakiulizwa kwanini vizibo vimeisha wanasema saplaya muongo, basi.

Halafu kuna hesabu zenyewe, sio ngumu ila hamna anayezaliwa nazo. Tuseme unatumia katoni 20 za vizibo kwa siku na saplaya anakuambia siku 30 mzigo umefika. Mtu wa kawaida anaagiza zikibaki katoni 600, yaani 20 mara 30, anaona yuko sawa. Lakini mzigo ukikwama bandarini ukafika siku ya 50, umekaa siku 20 mashine imezima. Aliyesoma anaangalia muda wa kufika unayumba kiasi gani, matumizi yanayumba kiasi gani, anazidisha kwa namba inayolingana na uhakika anaoutaka (ukitaka asilimia 95 ni 1.65) anapata akiba ya tahadhari, na anaweza kumwambia mtu wa fedha, bosi hii akiba inagharimu kiasi hiki na mashine kuzima siku moja inagharimu kiasi hiki, chagua. Mazungumzo ya namna hiyo ndo yanayokosekana sehemu nyingi.

Kwahiyo mbona nilifuta ile meseji?

Kwa sababu mimi mwenyewe nilisoma. Niliporudi kiwandani, kiwanda kimoja cha vinywaji hapa Dar, nilikuwa na hamu kubwa, nikakaa wiki mbili usiku na Excel nikapanga akiba ya kila kitu. Mwezi uleule mauzo wakaweka ofa ya wikiendi bila kuniambia, oda zikapaa, na wakati huohuo bosi akanunua lebo za miezi nane kwa sababu saplaya wa lebo katoa punguzo, pesa ya vizibo ikaishia huko. Vizibo vikaisha, laini ikazima siku tisa. Vibarua wa kulipwa kwa siku walirudishwa nyumbani siku zote tisa, na hiyo ndo inaniuma mpaka leo kuliko hasara ya kampuni. Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Ila sikuwa na sauti kwenye oda, sikuwa kwenye kikao cha mauzo, nlikuwa nimefundishwa mimi peke yangu kitu ambacho kinafanywa na idara nne.

Tatizo la pili ni data, na hili darasani linapitiwa haraka mno. Fomula zote zile zinakula kumbukumbu za matumizi. Sasa kitu kikiisha stoo wiki mbili, daftari linaandika matumizi sifuri, na sifuri ile inaingia kwenye wastani kama vile hakuna aliyehitaji. Wastani unashuka, unaagiza kidogo, kinaisha tena mapema zaidi, wastani unashuka tena. Yaani uhaba unajilisha wenyewe na karatasi zinaonyesha mahitaji yamepungua. Kwenye zahanati hiyo sifuri ni mama aliyekuja na mtoto ana homa akaambiwa dawa hamna nenda kanunue. Unaweza kuwa na cheti kikubwa kuliko wote na ukaongeza uhaba kwa fomula sahihi, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa anaandika siku ambazo shelfu ilikuwa tupu.

Tatizo la tatu nalisema ingawa litawaudhi baadhi ya watu. Semina zetu nyingi zinafanyika hotelini, na anayeenda ni yule mwenye cheo cha kusaini posho. Anayehesabu katoni kabaki stoo anahesabu katoni. Mwenzake akirudi anampa kijitabu. Na upande wa uboreshaji kuna zile kozi za wikiendi mbili mtandaoni unapewa mkanda wa kijani (ngazi ya cheti) wa Six Sigma, ile njia ya kupunguza kasoro kazini, bila kugusa mradi hata mmoja, wakati Six Sigma ilivyoanza Motorola miaka ya 1980 mtu alikuwa anapimwa kwa kasoro alizozipunguza. Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa anachora duara kwa chaki sakafuni kiwandani anamsimamisha injinia humo masaa, tazama, halafu uniambie umeona nini. Duara lile halihitaji ukumbi wa hoteli.

Na tunayo mifano yetu ya kujifunzia kazini, ndo maana sikati tamaa. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza ile 5S ya Kijapani, hatua tano za kupanga sehemu ya kazi, 2007, wakasaidiwa na JICA, shirika la misaada la Japani, na maneno yakawekwa kwa Kiswahili, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, hadi mhudumu wa usafi anayajua, kisha ikasambaa hospitali nyingine. Nimeingia stoo za dawa zilizopangwa hivyo, unaiona tofauti mlangoni, dawa inayokaribia kuisha muda iko mbele, kila kitu kina alama yake. Nimeingia pia nyingine ambazo bango la 5S liko ukutani na maboksi yamelizunguka, hapo Shikilia imeshindikana, na ndo S ngumu kuliko zote kwa sababu haifundishwi, inasimamiwa.

Mfano mwingine ni MSD, bohari ya dawa ya serikali. Mwaka 2010 Coca-Cola wakishirikiana na wafadhili Global Fund na Gates Foundation, na kampuni ya ushauri Accenture, walianza kuipa MSD ujuzi wao wa kupanga na kusambaza, hoja ikiwa soda inafika kijijini, dawa inashindwaje? MSD ikahama kutoka kushusha mzigo kwenye maghala kama 500 ikawa inapeleka moja kwa moja kwenye vituo zaidi ya 5,000. Watu walijifunzia kwenye njia zao wenyewe, magari yao wenyewe, ramani za nchi yao. Kwangu hayo ni mafunzo kweli. Lakini nisidanganye, 2014 dawa ziliadimika hospitali kubwa huku MSD ikiidai serikali mabilioni ya shilingi. Njia umezipanga vizuri, gari lipo, dereva yupo, ila hakuna pesa ya kununua cha kupakia. Mipango haizai pesa. Dodoma mwaka huohuo wakaanzisha mfumo wa Jazia, mshitiri mmoja (muuzaji binafsi wa dawa) aliyepatikana kwa ushindani anaviuzia vituo kile ambacho MSD imekosa, na baadae ukaenda nchi nzima. Pale kilichobadilika kwanza ni utaratibu, nani anunue wapi na kwa bei gani, kisha watu wakafundishwa kuutumia. Huo mpangilio wa hatua naupenda.

Sasa nikiweka hayo yote kwenye mizani, naegemea hapa: kwa kampuni, kumfundisha mtu mmoja kwa gharama kubwa ni pesa inayovuja, bora mwalimu aje kwenu siku 10, mauzo, fedha, stoo na uzalishaji wakae chumba kimoja, wacheze ule mchezo wa bia, halafu wafanye hesabu kwa bidhaa zao wenyewe 20 zinazoisha mara kwa mara, na bosi mkuu awepo, asifungue tu na kuondoka. Kwa mtu binafsi ni tofauti. Cheti kinafungua mlango, hilo sio la kubeza, nchi yetu CV inasomwa kabla yako, na kama unataka kazi Gulf au kwenye mashirika makubwa hutopita bila hicho. Ukiwa serikalini usajili wa PSPTB sio hiari. Ninachokataa ni mtu kuamini kwamba akishalipa ada ujuzi umeingia.

Kwahiyo dogo nilimpigia simu badala ya meseji. Nikamwambia pesa yako isiende popote kwanza miezi mitatu. Nunua kaunta buku, chagua vitu 10 vinavyowasumbua hapo stoo kwenu, kila siku andika vitatu tu: kimetoka kiasi gani, kuna siku shelfu ilikuwa tupu, na kila oda ilitoka lini ikafika lini. Akaniuliza, kaka hiyo si kazi ya karani? Nikamwambia ndio, na darasani utaenda na hilo daftari, mwalimu akifundisha akiba ya tahadhari wewe utakuwa na namba zako za kweli wenzako wakitumia za kitabuni.

Juzi kanitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Oda nne za vifuniko alizozitoa kwenye mafaili ya zamani, zimechukua siku 23, 41, 19 na 52. Kwenye mfumo wa kampuni imeandikwa siku 21 na hakuna anayekumbuka nani aliiandika. Chini ya picha kaandika, "kaka hii nimuonyeshe bosi sasa hivi au nisubiri?" Nikamwambia ionyeshe leo.