Siku Niliyompeleka Mungu Mbali

Kithai kina toni 5, yaani namna 5 za kupandisha, kushusha au kunyoosha sauti, na kila moja hubadili maana ya neno. Nilipofika Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, kuanza kazi ya umisionari, niliambiwa hilo siku ya kwanza darasani. Nikaandika daftarini "toni 5", nikapigia mstari, nikadhani yamekwisha. Sisi wa Kiswahili tumezoea kukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho na maisha yanaendelea. Sasa neno la silabi moja utalikandamiza wapi?

Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja mpole, nami nikamwiga kila kitu, hata ile "kha" ya heshima anayotia mwanamke mwishoni mwa sentensi. Mwanamume husema "khrap". Wiki tatu nzima nilizunguka mjini na ndevu zangu, naongea kama binti mwenye adabu zake, wala hakuna aliyenikosoa. Upole ule ndio ulioniponza.

Baada ya mwaka, mchungaji mwenyeji akanipa mahubiri. Zaburi 34:18: Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Nilikesha nikikariri mbele ya kioo. Shida ni kwamba kwa Kithai "karibu" ni klai, na "mbali" nayo ni klai. Sauti ikianzia juu ikaporomoka, ni karibu. Ikinyooka, ni mbali. Mimi nilinyoosha kama reli.

Kwa dakika 20 nikawahubiria wajane na wagonjwa kwamba Mungu yuko mbali nao. Ukilia usiku, yuko mbali. Ukifiwa, ndiyo kabisa! Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaanza kufuta machozi. Nikasema moyoni, leo Roho ameshuka. Nikapandisha sauti.

Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtetemeka. Nikajua anaomba.

Kumalizia, nikataka tutamke wote pamoja kwamba Mungu yuko karibu: Phra Chao yu klai! Wakatamka. Lakini nikasikia sauti zao zinaporomoka mwishoni. Hawa wamelegea, nikawaza. Nikawakatiza. "Hapana, si hivyo. Nisikilizeni mimi." Nikawafundisha Kithai, watu waliozaliwa nacho, mpaka kanisa zima likawa linanyoosha vizuri kabisa, kwa sauti moja, kwamba Mungu yuko mbali. Nikasema amina. Nikaketi nimeridhika.

Baada ya ibada yule bibi alinivuta kando. Hakunicheka. Alinyoosha kiganja hewani, sawa kama meza, akasema klai, akaelekeza kidole milimani. Kisha akainua mkono juu akaushusha kwa nguvu kama anayepasua kuni, klai, akajigusa kifuani. Mimi nikatabasamu tu, nikidhani ananipa ushuhuda. Akarudia. Mara ya pili ndipo nilipoelewa, nikatamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na Biblia yangu.

Tangu hapo nikifika kwenye neno lile mkono wangu hushuka wenyewe. Na Jumapili iliyofuata watoto walinipokea mlangoni, wamejipanga pande mbili, wote wanapasua kuni hewani.