Wakili Asimlishe Shahidi Maneno

"Kama unakumbuka." Maneno mawili tu. Wakili wa kampuni ninayofanyia kazi hapa Houston, Marekani, aliyapenyeza taratibu, nilipoulizwa kama breki za lori zilikaguliwa asubuhi ile. Wakili wa mdai akaweka kalamu chini: "Unamlisha shahidi. Iandikwe." Mwandishi, mama mmoja mwenye kimashine chake mapajani, akaliandika hata hilo. Nilikuwa nakumbuka vizuri, nikajibu.

Ndugu zangu wa Ujiji na Mwanga, kwetu Kigoma, wiki nzima nimefurahia jambo hili.

Huku, kwenye kesi za madai za mahakama ya shirikisho, shahidi huapishwa na kuhojiwa na mawakili kabla kesi haijasikilizwa, na jaji hayupo chumbani. Kanuni ya 30 ya mwenendo wa madai ya mahakama hizo ndiyo inayowabana mawakili. Wakili ana haki ya kupinga swali, ila kwa maneno machache yasiyomdokezea shahidi jibu. Pingamizi linaandikwa, shahidi anajibu vilevile. Kumkataza asijibu ni kwa mambo matatu tu: kulinda siri kama ile ya wakili na mteja, kutekeleza mpaka uliowekwa na mahakama, au kwenda kuiomba mahakama izuie mahojiano ya hila.

Kwenye kesi yetu ya michikichi kule Simbo, baba mdogo aliulizwa mpaka unapita wapi. Wakili wetu, wetu sisi, sisingizii mtu, akasimama kupinga. Hotuba ndefu! Mkuyu, mtaro, mwaka tuliogawana, vyote akavitaja humohumo. Baba mdogo akarudia kama alivyosikia. Mzee aliyeutembea ule mpaka tangu utoto! Kuanzia hapo mwenyekiti wa baraza la ardhi hakumwamini tena, hata alipowataja waliopanda ile michikichi.

Najua mtasema huyu kashavuka maji, anatudharau. Sidharau. Kwetu shahidi husema mbele ya hakimu mwenyewe, na tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, najivunia hilo. Huku wakili hulipwa kwa saa, na asiye na kitu huumia. Mwingine atasema hata sheria yetu inakataza kumwongoza shahidi wako. Inakataza, ndiyo! Mbona basi pingamizi lenyewe likigeuka jibu tunanyamaza, hasa likitufaa? Mimi nilikuwa benchi la nyuma siku ile. Nilitikisa kichwa kukubali.

Niliomba kuyasoma mahojiano yangu, yameletwa jana. Nina siku 30 za kurekebisha. "Kama unakumbuka" imo, na jina la aliyeyasema.