Rangi za visanduku vya maandishi: mtayarishaji aamue au amwachie mtumiaji?

Kwenye Windows, kisanduku cha kuandikia hakijiamulii rangi. Kabla ya kujichora hutuma ujumbe wa WM_CTLCOLOREDIT kwa dirisha linalokibeba, nalo huweka rangi ya herufi na ya nyuma yake, kisha hurudisha brashi, yaani kifaa cha mfumo cha kujazia rangi eneo la kisanduku. Kwa hiyo uwezo upo. Kinachobishaniwa ni kama mtayarishaji wa programu autumie.

Wanaotaka autumie wana hoja nzito. Karani anayejaza fomu ndefu kutwa nzima anahitaji kuona mara moja yuko wapi, kipi ni cha lazima na kipi amekikosea. Kisanduku kinachobadilika rangi humwonyesha haya kabla hajasoma ujumbe wowote. Mfumo wenyewe haujui kuwa tarehe aliyoandika haiwezekani. Programu ndiyo inayojua.

Ila rangi zilizokuwepo huenda mtumiaji alizichagua kwa sababu. Chukua mtu mwenye uoni hafifu aliyewasha utofautishaji wa juu: nyuma nyeusi, herufi nyeupe. Katika Windows Forms, zana za .NET za kutengenezea madirisha ya programu, ukibadili BackColor (rangi ya nyuma) iwe manjano na kuiacha ForeColor (rangi ya herufi) kama ilivyo, herufi zitabaki nyeupe juu ya manjano. Uwiano wa mwangaza kati ya rangi hizo mbili ni kama 1.07 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Anaandika asichokiona! Herufi nyeusi juu ya manjano hayo hayo zingezidi 19 kwa 1. Kosa hili mtayarishaji halioni kwake, kwa sababu kwenye mashine yake herufi ni nyeusi tayari.

Mimi naegemea upande wa mtumiaji. Kisanduku kilichotulia kibaki na rangi za mfumo. Rangi yetu ije kwa kosa tu, herufi na nyuma zikiwekwa pamoja, na maneno yanayoeleza kosa yawepo kando, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. SystemInformation.HighContrast, inayoeleza kama mtumiaji amewasha utofautishaji wa juu, ikirudisha kweli, tusipake chochote.

Mteja akidai rangi ya kampuni yake ndani ya kila kisanduku, nitampa ukanda wa juu wa dirisha aupambe atakavyo. Hapo hakuna anayeandika.